Mwaka wa Fingo la Plastiki

Kwenye hitima ya Bi Mwanakombo nilikaribishwa jikoni, nikapewa kisu na karai la vitunguu, na kabla sijamaliza kumenya cha kwanza msichana mmoja nisiyemfahamu aliniuliza kwa adabu mimi ni nani kwa marehemu. Nilitafuta jibu. Mimi si ndugu, si jirani, si Mdigo wala si Mwislamu, na kitambaa nilichojitanda kichwani ndicho niendacho nacho kanisani. Mwanaisha, binti wa marehemu, akanijibia bila kuinua macho kwenye nazi aliyokuwa akiikuna. "Huyu ni Mwende," akasema. "Ndiye aliyetuwekea fingo." Jiko zima likacheka. Walicheka wanawake waliokuwa wakilia muda si mrefu uliopita, hata mmoja ikabidi atoke nje akijiziba mdomo kwa leso, maana barazani wanaume walikuwa wanasoma. Yule msichana alinitazama, akaitazama mikono yangu iliyokuwa kwenye vitunguu vya watu, kisha akasogeza karai lake upande wa pili. Sikumlaumu. Mwaka wa fingo, hata hawa waliocheka walisogeza.

Kwa asiyeijua pwani yetu ya kusini, fingo ni kitu kinachofukiwa ardhini. Chaweza kuwa chupa, kibuyu au kikopo, kimefungwa, kimesomewa, kikazikwa kizingitini au shinani mwa mti ili kilinde au kidhuru, kutegemea mwenye kukifukia ameamkaje siku hiyo. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nina cheti cha utalii ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia, na nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza katika msitu ulio nje kidogo ya Msambweni, karibu na kijiji cha Mkwajuni. Msitu wenyewe haukuwa msitu wa kuzaliwa. Lilikuwa timbo la mawe ya kujengea, na mawe yalipokwisha wachimbaji walikwenda zao wakaacha shimo jeupe linaloumiza macho. Shirika dogo likaja likapanda mivinje, kwa sababu mvinje haubagui pa kuota, na baada ya miaka udongo ukapatikana, ikapandwa mibambakofi na mivule, mbega wakahamia bila kuuliza mtu. Nilipofika mimi kulikuwa na kivuli, vijia vya kutembelea, kitalu cha miche kilichoendeshwa na wanawake wa Mkwajuni, na kibao cha kukaribisha wageni. Kilichokosekana ni wageni.

Meneja wetu aliitwa Oduor. Alikuja kutoka Nairobi na viatu vya kupandia milima, huku mlima mrefu tuliokuwa nao ni ukingo wa timbo, na alikuwa na imani na mtandao kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Asubuhi moja aliniita ofisini akiwa na kifaa cha njano kinachotoshea kiganjani, kile cha kuongea na setilaiti. "Mwende, hii kitu iko dunia nzima," akaniambia. "Unaficha box msituni, unaweka location kwa internet, mtu anatoka Germany anakuja kuitafuta." Nikamuuliza huyo mtu akishaipata anapewa nini. "Hapewi kitu. Anaandika jina lake kwa kakaratasi, anarudisha box." Nikamuuliza tena, ili niwe na hakika, kama mtu atatoka Ujerumani kuja kuandika jina lake. "Exactly," akasema Oduor, na uso wake uling'aa kwa furaha hata nikaona aibu kuendelea kuuliza. Basi tukakubaliana. Kila mkebe ungekuwa na fumbo kuhusu mti au mnyama wa msitu wetu. Ukilifumbua, unafuata vigingi vyenye picha ya kiumbe hicho mpaka kwenye mkebe unaofuata. Kazi ya kutunga, kufunga na kuficha ilikuwa yangu.

Nitasema kweli, sijawahi kuifurahia kazi kama nilivyoifurahia ile. Nilitunga vitendawili nikitembea, nikila, nikioga. Kila kimoja nilikianza inavyopaswa, kwa kusema kitendawili, na kuacha nafasi ya msomaji kuitikia tega, lakini Oduor alipokwenda kuvichapisha aliona karatasi ni ndogo, akakata. "Hiyo intro toa, inakula space," alisema, na kwa kuwa wino mwekundu unaonekana vizuri zaidi kivulini, akachapisha kwa wino mwekundu. Chini ya kila fumbo aliweka mstari wa tarakimu za setilaiti. Mikebe ilikuwa ya plastiki, nikaipaka rangi nyeusi isionekane kwa urahisi. Ndani, kwa kuwa nilisoma kwamba watafutaji hupenda kukuta vitu vidogo vya mahali, nikatia kauri, manyoya ya hondohondo na zile mbegu za tipitipi, nyekundu zenye jicho jeusi. Mipira ya kufungia ilikatika kwa joto, kwa hiyo nikamwomba mwenye nyumba wangu kitambaa kikuukuu, akanichania leso yake ya manjano yenye nakshi za korosho. Nikafunga kila mkebe kwa kipande chake, nikaufukia nusu shinani mwa mti. Leo hii ukinilipa nikutengenezee fingo la kutisha, wallahi sitakuwa na la kuongeza.

Mwenye nyumba huyo ndiye Bi Mwanakombo. Nilikuwa nimepanga chumba kwake, chumba chenye kitanda cha kamba na dirisha linalotazama mkorosho, na kama nyumba nyingi za kule, kuta zake ziliishia kabla ya kulifikia paa la makuti. Aliyekohoa chumba cha kwanza alipewa pole kutoka chumba cha mwisho. Bi Mwanakombo aliijua vizuri siri ya kuta hizo na aliitumia. Jambo lolote ambalo adabu ilimzuia kuniambia usoni, alimpigia simu dada yake aliyeolewa Mkwiro, ng'ambo kule kisiwani, akalisema kwa sauti ya kuvusha bahari. Ndivyo nilivyojifunza kwamba ndoo hairudishwi kisimani ikiwa kichwa chini, kwamba nilikuwa nikicheka kwa sauti mno kwa msichana ambaye hajaolewa, na kwamba, hili alilisema kwa sauti ya chini kidogo lakini si chini mno, nilikuwa na heshima kuliko alivyotarajia. Jioni tulikula pamoja, yeye, Mwanaisha na mimi, kwenye sinia moja. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga, mchicha, na pilipili ambayo ilinitoa machozi mwezi mzima wa kwanza. Yeye alikuwa akivunja minofu ya samaki na kuisukuma upande wangu bila kunitazama, kama mtu anayefuta meza. Sijui kama alijua ninaona. Nilikuwa nikiisubiri saa hiyo kuanzia mchana.

Siku wanawake wa kitalu walipokwenda kuokota mbegu za mbambakofi, mmoja akakwaruza majani kwa mguu na akaona kitu cheusi kimefungwa kitambaa. Walikifungua kwa kijiti. Kauri zikamwagika, manyoya, tipitipi, na karatasi yenye maandishi mekundu ambayo aliyekwenda shule kati yao aliisoma kwa sauti: "Hula sindano mchana kutwa, akiinuka ameacha shamba." Na chini yake tarakimu zisizo na mwisho. Hakuna aliyeuliza kama ni mchezo, na miye ningekuwa wao nisingeuliza. Mtu anayekula sindano si habari njema popote. Vikapu walivirudia kesho yake, maana siku hiyo viliachwa palepale. Na kitambaa kile kila mmoja wao alikijua, kwa sababu Bi Mwanakombo aliivaa leso ile kwenye arusi zao zote. Kitambaa cha mtu kilichofungiwa mambo kama yale na kuzikwa mtini, kwa watu wa kule, kina maana moja tu, nayo ni kwamba mwenye kitambaa anamalizwa. Halafu wakajiuliza nani anaishi naye nyumba moja, nani anaingia msituni peke yake na mfuko, na nani ametoka kwa Wakamba. Hapo hesabu yao ikatimia. Sisi Wakamba tumepewa sifa ya uganga nchi nzima, na mimi niliyelelewa kwenye mashamba waliyogawiwa wenzetu kule Shimba Hills, nikiimba kwaya, nilikuwa sijui hata dawa ya kikohozi.

Jioni ile sinia halikuja. Nililetewa sahani yangu chumbani, imefunikwa kawa nzuri, na Bi Mwanakombo akasimama mlangoni kwa upole ulionitisha kuliko matusi. "Leo kula hapa hapa, mwanangu," alisema. "Umechoka." Sikuwa nimechoka. Nilikula nikiwasikia wao wawili upande wa pili wa ukuta wakila kimya, na ndipo simu ya Mkwiro ikapigwa, nami nikazijua habari zangu. "Ndiyo, huyu huyu wa ndani. La, hajambo, anasalimia vizuri tu. Shikamoo haimpiti. Ndiyo maana nasema, hawa wanyenyekevu ndio wa kuwaogopa." Akamsikiliza dada. "Leso yangu ya korosho, dada. Nimemchania kwa mkono wangu."

Kesho yake nilikwenda kujieleza. Nilimkuta anapepeta mchele, nikaketi chini kwenye jamvi, nikatoa shikamoo, nikaitikiwa marahaba.

"Bibi, vile vitu vya msituni ni mchezo tu."

"Mchezo wa nani?"

"Wa wageni. Mimi naficha kitu, mtu mwingine anakuja kukitafuta."

"Kina nini ndani?"

"Hakina kitu. Ni kauri, na manyoya, na tipitipi."

"Na kitambaa changu."

"Na kitambaa chako, cha kufungia."

Alipepeta kidogo. "Na huyo anayekitafuta, akikipata anafanya nini?"

Nilijua naelekea pabaya lakini sikuona njia ya kando. "Anaandika jina lake kwenye karatasi iliyo ndani."

"Kisha?"

"Kisha anakifukia tena, Bibi."

Bi Mwanakombo aliweka ungo chini, akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema ahsante mwanangu kwa kunieleza, akaingia ndani na kufunga mlango kwa komeo. Komeo hilo sikuwahi kulisikia likitumika tangu nihamie.

Baada ya hapo nilijaribu kwa chakula. Nilipika chapati, nilizojivunia kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichopika vizuri kuliko Mwanaisha, nikampelekea zikiwa za moto. Alizipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akanisifu, na nilipopita nyuma ya nyumba nikawakuta kuku wanazigombania. Sio kwamba walitupiwa tu. Waliketishiwa mashahidi. Mwanaisha alikuwa kwenye kigoda akiwachunguza, na jirani wawili wamesimama uani na vikombe vyao vya chai, wanangoja kuona ni yupi atakayeanguka. Hakuna aliyeanguka. Kuku wale walipendeza. Nilizidi kupika na wao wakazidi kunenepa, hata jogoo akawa anakuja kunipokea njiani nikitoka kazini, jambo ambalo nalo lilihesabiwa dhidi yangu. Nacheka sasa, lakini wakati ule nilikuwa nikirudi chumbani nakaa kitandani nimeweka mikono mapajani. Hakuna upweke mbaya kama wa nyumba ambamo watu wanakuchukia kwa adabu.

Halafu Alhamisi, baada ya chakula cha sahani, simu ikapigwa Mkwiro. "Wazee wamekata shauri," Bi Mwanakombo alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya kuvusha bahari, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Jumamosi anakuja mganga, Fundi Tsuma wa Kinango, alichimbue hilo fingo. Likitoka mbele za watu, na mwenyewe akajulikana, basi dada, chumba changu nitakitaka. Sitamfukuza usiku. Nitampa siku ya kufungasha." Nililala chali nikiyatazama makuti. Nilijua maana yake. Hakuna nyumba nyingine ya Mkwajuni ambayo ingenichukua, wala ya Msambweni, maana habari ile ilikuwa imeshatangulia, na bila pa kulala ningeiacha kazi na kurudi nyumbani nikiwa yule msichana aliyefukuzwa Mkwajuni kwa uchawi. Hilo la kazi nililiogopa. Lakini nitalisema wazi lililoniuma zaidi, nalo ni kwamba nilimpenda yule mwanamke. Nilitaka anivunjie samaki.

Oduor nilimweleza yote. Alinisikiliza, akanihurumia, na akashika jambo moja tu, kwamba Jumamosi kuna umati unakuja. Nilipofika getini asubuhi nilimkuta ameweka meza na kitambaa cheupe. Watu walikuwa wamekwisha kusanyika, wanawake wa kitalu, wazee, vijana, na nyuma kabisa Bi Mwanakombo kwenye buibui lake la kutokea, mkoba ameukumbatia kifuani. Fundi Tsuma aliteremka kwenye bodaboda. Nilitegemea mtu wa kaniki na shanga. Huyu alivaa suruali iliyopigwa pasi, shati la maua kama mpokea wageni wa hoteli ya Diani, na mkononi alishika mgwisho wa mkia wa ng'ombe, mweupe, umechanwa vizuri. Oduor akamwamkua, akamwandikisha, akambandika kifuani karatasi ya kunata iliyoandikwa MGENI, kisha, kabla sijaweza kumzuia, akampa kile kifaa cha njano.

"Mzee, hii inakuonyesha box iko wapi. Fuata mshale tu. Ukikaribia italia."

Fundi Tsuma alikigeuza huku na huku. Alikiweka sikioni. Aliutazama mshale, akautazama msitu, na nadhani akaona, kama mtu mwenye akili ya kazi yake, kwamba mgwisho na mshale vikikubaliana hakuna atakayebisha. Akaingia msituni, mgwisho mkono wa kulia, setilaiti mkono wa kushoto, na kijiji chote nyuma yake. Alitembea kwa madaha. Aliposimama watu walisimama, alipopiga chafya watu walirudi nyuma. Tulipofika karibu na mivinje mizee, kifaa kikaanza kulia, kwanza polepole kisha mfululizo, na wanawake nao wakaanza, huyu anasema lahaula, huyu anamwita Yesu, maana Mkwajuni kuna kila dini na siku hiyo zote zilikuwa kazini. Fundi akapiga goti. Akachomoa mkebe wangu, mweusi, na kitambaa cha manjano kinaning'inia. Oduor peke yake alipiga makofi. "Wow, amepata," alisema. "First time."

Fundi aliufungua mkebe kwa mpini wa mgwisho, akampa Mwanaisha karatasi aisome. Ilikuwa nakala ya lile lile la kwanza, kwa sababu ule mkebe walioufungua wanawake nilikuwa nimeutengeneza upya, kazi ni kazi, na kuuhamishia huku. Mwanaisha aliishika kwa ncha za vidole, akasoma. "Hula sindano mchana kutwa, akiinuka ameacha shamba." Watu wakaguna. Fundi akainua mgwisho, akageuka taratibu kama mtu anayenusa, na mgwisho ukaanza kuja upande wangu. Nilimwona Bi Mwanakombo akifumba macho. Alikuwa hataki kuona. Nimewahi kuulizwa nilipata wapi ujasiri, na jibu ni kwamba sikuwa na ujasiri wowote. Nilikasirika. Nilikasirika kwa ajili ya kitendawili changu, kizuri kile, kilichokatwa kichwa na Oduor kikasimamishwa mbele za watu bila salamu. Nikapiga hatua mbele.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega," akajibu Fundi Tsuma.

Alijibu yeye wa kwanza, mgwisho ukiwa juu. Baadaye alikana, lakini tulikuwapo. Na nyuma yake msitu wote ukaitikia tega, wazee, vijana, wanawake wa kitalu, kwa sauti moja, kwa sababu mtu aliyezaliwa pwani ukimwamsha usingizini ukamwambia kitendawili atakuambia tega kabla hajauliza kuna nini. Wenyewe walishtuka. Wakatazamana. Nami sikuwapa nafasi ya kupumua.

"Hula sindano mchana kutwa, akiinuka ameacha shamba."

Mzee mmoja akajikuna kidevu. "Cherehani," akasema.

"Cherehani gani inaacha shamba?" akaulizwa.

"Daktari," akasema mwanamke wa kitalu. "Sindano kutwa, na shamba kanunua Ukunda." Hapo wakacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi, na wakabishana kama daktari anakula sindano au analisha wengine. Kijana akasema nungu. Mwingine akasema nanasi, akazomewa. Fundi Tsuma alikuwa ameshusha mgwisho na kuufanya fimbo ya kuegemea, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefikiri kwelikweli. "Ni mbuzi wa Kinango," alisema mwishowe. "Anakula miiba kwa kuwa hana kingine."

"Miiba si sindano, Fundi. Na shamba analimaliza, haliachi."

"Basi tumeshindwa," akasema kwa uungwana.

"Kama mmeshindwa nipeni mji."

Hiyo ndiyo sheria na hakuna asiyeijua. Aliyeshindwa hutoa mji, na mwenye kitendawili ana haki ya kuukataa mpaka apewe unaompendeza. Fundi akajinyoosha shati. "Chukua Kinango."

"Kinango sikutaki, maji hakuna. Nitaoga na nini?"

Watu wakaangua kicheko, naye Fundi akacheka ingawa ni kwao. Mtu akanipa Samburu, hii yetu ya njia ya Nairobi, nikasema malori ya barabarani hayatanipa usingizi. Mwingine akanipa Mkwiro, nikasema Mkwiro nakuheshimu, nina habari zake kila jioni, lakini siwezi kuvuka bahari kila nikitaka nyanya. Oduor akasema nipewe Nairobi. Akaambiwa Nairobi si yake kuitoa. Walikuwa wanacheka mpaka wengine wameketi chini kwenye majani, na mimi nilisimama katikati nikitaniana nao kama mtu wa hapo, jicho langu likiwa nyuma ya umati, maana mmoja tu ndiye ambaye alikuwa hajacheka. Alikuwa amefumbua macho. Alinitazama mimi, akautazama mkebe, akakitazama kitambaa chake. Miji ikaisha.

"Chukua hapa," akasema Bi Mwanakombo.

"Hapa wapi, Bibi?"

"Hapa petu. Mkwajuni. Au nako hukutaki?"

"Nakutaka," nikasema. "Nimekupokea."

Na kama ilivyo ada, aliyepewa mji husema ameingia vipi na amekula nini kabla hajatoa jibu, hujisifu mpaka wenye mji wachoke. Nilikuwa nimewasikia wakubwa wakifanya hivyo kwa maneno ya mbwembwe. Mimi sikuwa nayo. Nilisema niliyokuwa nayo. "Nimekwenda Mkwajuni," nikasema. "Nikapewa chumba chenye mkorosho dirishani. Nikafundishwa ndoo inavyorudishwa kisimani. Nikalishwa wali kwenye sinia, nikavunjiwa samaki nikijifanya sioni. Nikaomba kitambaa, nikachaniwa leso ya arusi, na mimi mgeni sikujua kwamba kitambaa cha mtu hakifungwi mtini. Nikapika chapati, wakala kuku." Hapo walicheka tena, nami niliendelea juu ya kicheko chao kwa kuwa nikinyamaza nisingeweza tena. "Mji mzuri. Nimekaa, nimeshiba, na sitaki kuondoka." Nikaanza kulia mbele ya kadamnasi, kamasi na yote, na Fundi Tsuma, Mungu amrehemu, akanipa kitambaa chake cha mfukoni kilichopigwa pasi.

Bi Mwanakombo alipasua umati akaja mpaka mbele yangu. Alinitengeneza kola ya blauzi, ambayo haikuwa na kasoro. "Haya, usilie bado," akasema. "Mji umeshauchukua. Jibu liko wapi?"

"Jongoo, Bibi."

"Jongoo?"

Nikamwonyesha chini. Walikuwa pale miguuni petu, kama wanavyokuwapo siku zote, weusi, wanene, wanatafuna majani makavu ya mvinje, yale membamba yaliyochongoka kama sindano, na chini yao, penye jiwe tupu zamani, udongo ulikuwa mweusi na laini. Wanawake wa kitalu walikuwa wa kwanza kusema ni kweli, kwa sababu udongo wa miche waliuchota hapohapo kila wiki. Bi Mwanakombo aliinama, akawatazama wale majongoo kwa muda mrefu, akainuka na kuwageukia wazee.

"Nimetoa mji mzima," akasema, "kwa ajili ya jongoo."

Aliudai mji huo miaka yote iliyofuata. Niliishi kwenye kile chumba mpaka nilipoolewa, na kila nilipounguza wali au kuchelewa kurudi alisema uvumilivu umemwisha, anautaka mji wake, nami nikamjibu mji ukishatolewa haurudi. Alikuja arusini kwangu akawaambia wakwe zangu wawe na adabu, wanachukua mwenye mji. Mikebe Oduor aliiandika upya, kila karatasi ikaanza inavyopaswa, na wageni wakaja, ingawa si wengi kama alivyoota. Mara ya mwisho kuongea na Bi Mwanakombo alikuwa amelazwa, na Mwanaisha ndiye aliyemshikia simu sikioni. Pumzi ilikuwa fupi. Hakuuliza watoto wala mume. "Mwende," alisema, "ule mji wangu bado unao?" Nikamwambia ninao, Bibi. Nikamsikia akimwambia Mwanaisha asogeze simu karibu. "Basi kaa nao," akasema. "Sikudai tena."